Vita vya Kisima cha Ela Dima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, uliyeacha ofisi yenye feni ukaja kukaa nasi kwenye joto hili, Bwana Naibu Kamishna wa Kaunti, Bi. Mkurugenzi wa Elimu, Sheikh wetu na Padri wetu, ambao nimewaona mkigawana chupa moja ya maji hapo mbele, Bwana Chifu, wazee wa kamati ya shule, wazazi mliotoka Garbatulla, Kinna, Isiolo mjini na hata Kipsing, walimu wenzangu, na ninyi wasichana mliovaa sare ambazo bado zina mikunjo ya dukani: salaam aleikum. Na kwa wale wa upande wangu, Bwana asifiwe.

Nimebakisha mtu mmoja, na si kwa kusahau. Mama Habibo Elema, uliyeletewa sofa ukaikataa ukachagua kiti cha plastiki, pokea salamu zako peke yako. Ulikuwa hapa kabla yetu sote.

Jina langu ni Regina Apua. Nilifundisha historia katika shule za kaunti hii mpaka nilipostaafu, na wengi wenu niliwafundisha. Nawajua kwa jinsi mnavyoficha simu nikiwaangalia. Mimi ni Mturkana wa Isiolo. Baba yangu, Koplo Apua Lokorio, alikuwa askari wa jeshi la serikali, na alipigana hapa hapa tulipopiga hema. Nimeanza na hilo ili asije mtu akaninong'onea baadaye kwamba nilisahau kulisema.

Kamati iliniomba niseme maneno machache kuhusu historia ya mahali. Kuna waliokuja nyumbani kunishauri, kwa nia njema, niseme tu kwamba visima vya Ela Dima ni vya zamani sana, kwamba maji yake ni matamu, kisha nikae chini. Ni ushauri mzuri kwa siku ya sherehe. Kwa nini basi sikuufuata?

Nitawaambia. Mapema mwaka huu, wakati wa kuchagua kamati ya shule hii, jina la mjukuu wa Mama Habibo lilipendekezwa. Mtu mmoja akasimama akasema ukoo ule haufai kukabidhiwa shule ya wasichana, kwa sababu babu yao, Denge Ado, alipigana vita akijificha nyuma ya wanawake. Hakuna aliyeunga mkono, hakuna aliyepinga. Mama Habibo, mjane wa huyo Denge, alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma. Alichukua fimbo yake akatoka nje taratibu, na mjukuu wake akaondoa jina lake kabla ya kura.

Maneno yale hayakuzaliwa siku hiyo. Yameifuata familia ile sokoni, malishoni na kwenye kampeni, na watoto wamepigana shuleni kwa ajili yake. Mimi najua si ya kweli. Najua kutoka kwa watu waliokuwepo, wa pande zote mbili, na mmoja wao alikuwa baba yangu mzazi. Je, ningesimama mbele yenu leo nizungumzie utamu wa maji?

Wasichana wangu, mtasoma vitabuni kuhusu vita vya shifta, na huenda mkadhani vilikuwa vita vya Kenya na watu wa nje. Ela Dima haikuwa hivyo. Nchi ilikuwa changa, bendera ilikuwa mpya, na watu wengi wa Kaskazini walitaka kujitenga waende Somalia, wengine walitaka kubaki, na serikali ilisema hata shubiri moja ya ardhi haitatoka. Zilikuwepo nyumba ambazo kijana mmoja alikuwa msituni na mwingine alikuwa polisi, na mama yao aliwapikia wote wawili. Vilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, hata kama sisi hatupendi kuviita hivyo.

Sasa nawaomba mgeuze shingo kidogo. Kaskazini, nyuma ya bweni jipya, mnauona mlima ule wa mawe mekundu. Kusini, kwenye kile kilima kifupi chenye mnara wa simu, ndiko barabara inakopita. Kati ya mlima na kilima ni bonde hili, na katikati ya bonde ni visima. Upande wa magharibi kuna laga, mto wa msimu, kavu kama mnavyoiona, yenye kina cha kumficha mtu aliyeinama, nayo inazunguka mpaka kwenye bega la mlima. Yeyote aliyefahamu vitu hivyo vinne, yaani mlima, kilima, visima na laga, alifahamu vita vyote.

Msimu ule ulikuwa wa kiangazi kibaya. Visima vya jirani vilikuwa vimekauka, na Ela Dima peke yake ilikuwa bado inatoa maji. Aliyeshika Ela Dima ndiye aliyeshika mifugo, na aliyeshika mifugo ndiye aliyewashika watu, kuanzia hapa mpaka mbali kule bondeni. Wapiganaji wa Denge waliushika mlima. Denge hakuwa mtu wa kubahatisha. Aliwahi kuwa askari wa Mwingereza ng'ambo, akarudi akawa mfanyabiashara wa ng'ombe, kisha vita vilipokuja akaingia msituni. Aliwafundisha vijana wake kuchimba mahandaki madogo nyuma ya mawe, na kutopiga risasi mpaka uone vifungo vya shati. Kundi lake kubwa aliliweka juu ya mlima. Kundi dogo aliliweka kwenye lile bega la magharibi, lilinde laga, na mkuu wa kundi hilo alikuwa kijana hodari aliyeitwa Abdinur.

Jeshi lilitoka Isiolo kwa malori, liifungue barabara na kuvichukua visima. Kabla hawajafika, lori lililobeba mapipa ya maji lilikanyaga bomu lililotegwa mchangani. Mapipa yalitoboka. Maji yote yaliingia ardhini, na baba alisema askari waliyaangalia yakinywewa na mchanga. Luteni wao, kijana wa bara ambaye hakuwahi kuishi sehemu zenye joto kama hili, aliamua kwamba hakuna kurudi. Maji ya karibu yako mbele. Alikuwa sahihi. Yalikuwa hapa.

Siku ya kwanza, mapema asubuhi, alipeleka watu wake moja kwa moja kuupanda mlima. Denge aliwangoja mpaka wakawa karibu, kisha akafyatua. Askari wengi walianguka pale mnapoona uwanja wa netiboli. Waliobaki walirudi nyuma ya kilima wakiwaburuta majeruhi. Baba yangu aliwekwa juu ya kile kilima na bunduki ya rashasha, akaambiwa ailenge kwenye visima, na mtu yeyote wa Denge akishuka kuteka maji ampige.

Hapo vita vikakwama. Denge alikuwa juu ya visima lakini hawezi kushuka. Luteni alikuwa mbele ya visima lakini hawezi kusogea. Maji yalikuwa katikati yao, wazi kabisa, na mchana kutwa hakuna aliyekunywa. Baba aliniambia kwamba siku ile hakumchukia mtu yeyote mlimani. Aliwaza tu jinsi maji yanavyosikika ndoo inapogonga ukuta wa kisima.

Lakini kulikuwa na watu wengine, ambao makamanda wote wawili walikuwa wamewasahau. Upande wa mashariki, nyuma ya miiba, kulikuwa na maboma ya familia. Wanaume wenye nguvu walikuwa mlimani. Waliobaki ni wanawake, wazee na watoto, na ng'ombe waliokuwa hawajanywa tangu kabla ya risasi ya kwanza. Ng'ombe wanayasikia maji kwa pua. Walilia mchana kutwa, na baadhi walianza kulala wasiinuke.

Mama Habibo alikuwa mke wa Denge, bado kijana, mama wa mtoto mmoja. Denge alikuwa ametuma neno kwamba mtu yeyote asitoke nyuma ya miiba. Siku ya pili, jua lilipoanza kuwa kali, Mama Habibo alifunga kitambaa cheupe kwenye fimbo, akafungua boma. Nilipomuuliza kwa nini alimkaidi mumewe, alinijibu kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Denge alikuwa na vita vyake," alisema. "Mimi nilikuwa na ng'ombe."

Wakashuka. Mbele yao ng'ombe, vumbi likipanda kama la malori, na nyuma yao wanawake na ndoo za ngozi tunazoziita okole. Waliomfuata Mama Habibo walikuwa karibu wanawake wote wa boma... Mama, nimesema sawa? Anasema wote. Wote, isipokuwa aliyekuwa amejifungua. Haya, nimesahihishwa.

Mnajua kisima chetu si cha kushusha kamba tu. Mtu anaingia ndani kabisa, anajaza okole, anampa aliye juu, na aliye juu anamwaga kwenye hori. Ni kazi ya wanaume, lakini wanaume hawakuwepo. Mama Habibo aliingia chini. Aliyesimama mdomoni mwa kisima kupokea alikuwa wifi yake, Gumato Ado, dada mdogo wa Denge, msichana ambaye alikuwa bado hajaolewa.

Juu ya kilima, luteni alimwambia baba aendelee kulenga, maana hakuamini kitambaa. Baba alimjibu kwamba wale ni wanawake wanaonywesha. Alijua kunywesha ni nini. Kabla ya kuingia jeshini alichunga mifugo ya familia moja ya Waborana huku Garbatulla kwa miaka mingi, akala kwao, akalala kwao, na Kiborana alikizungumza kuliko mimi ninavyokizungumza leo. Luteni alifikiri, kisha akamwambia asipige mpaka aone bunduki. Kwa hiyo ng'ombe wa kwanza wakanywa.

Na mlimani je? Hapa ndipo panapohitaji masikio yenu, kwa sababu hapa ndipo uongo ulipoanzia. Alikuwepo mtu kwenye bega la magharibi pamoja na Abdinur, mzee aliyeitwa Waqo, ambaye alipigwa risasi ya mguu siku hiyo akaishi nao mguu huo mpaka uzee. Kabla hajafariki alinisimulia mara mbili, na mara zote mbili alisimulia vilevile. Abdinur alimwendea Denge, Waqo akiwa naye, akamwambia kwamba Mungu amewafungulia njia: washuke ndani ya vumbi la ng'ombe, waifikie ile bunduki ya kilimani, na vita vitakwisha.

Denge akamwambia: "Wale ni watu wetu. Hatupigani kutoka nyuma ya migongo yao."

Abdinur akamjibu: "Wakimaliza kunywesha watarudi bomani. Bunduki ile itabaki pale pale, na sisi tutakufa kwa kiu tukiwa na heshima yetu."

Denge akamwamuru arudi kwenye bega lake, alinde laga. Abdinur alirudi. Waqo alisema mdogo wake Abdinur alikuwa amelala pale nyuma ya jiwe, amejeruhiwa tangu jana, anaomba maji kwa sauti ambayo haikuwa tena ya mtu mzima. Abdinur alimsikiliza kwa muda. Kisha akasimama, akasema anayetaka kuja aje. Karibu wote wa bega lile walimfuata.

Familia ya Abdinur iko hapa. Nilikwenda kwao kabla ya siku ya leo, nikakaa, nikanywa chai, nikawaambia nitakalosema. Mpwa wake aliniambia niseme pia kuhusu yule ndugu majeruhi. Nimesema. Sitaki mtu yeyote atoke hapa akimwita Abdinur mhalifu. Nani kati yetu amewahi kumsikia ndugu yake akiomba maji kutwa nzima, na maji yako mbele ya macho?

Waliingia ndani ya vumbi. Baba aliona ng'ombe wakigawanyika kwa namna ambayo ng'ombe wanaokwenda majini hawagawanyiki. Mchungaji hudanganyika kwa mengi lakini si kwa hilo. Kisha akaona chuma kiking'aa. Nyuma yake, chini ya kilima, walikuwa wamelazwa majeruhi wa jana. Mbele yake walikuwa wanawake. Alisimama wima, jambo ambalo mpiga rashasha hafundishwi kulifanya, akapaza sauti kwa Kiborana, akiwaambia akina mama walale chini. Akarudia. Wanawake wakasikia lugha yao ikitoka upande wa adui, na wakalala, kando ya mahori, chini ya matumbo ya ng'ombe.

Gumato hakulala. Alikuwa ameshika okole iliyojaa, na chini yake alikuwepo mtu. Aliinama kisimani akamwambia Mama Habibo asipande, akae chini, kuna watu wenye bunduki. Ndilo neno la mwisho alilolisema.

Baba alipiga. Alipiga juu ya waliolala, na Abdinur akaanguka, na wengi waliokuwa naye, na ng'ombe wengi. Na Gumato.

Nimefundisha historia maisha yangu yote, na najua jinsi sentensi inavyoweza kupangwa ili mtendaji asionekane. Tunasema "risasi zilimpata." Tunasema "aliangukia katikati ya mapambano." Leo naipanga kwa namna nyingine. Baba yangu alimuua Gumato Ado. Hakumlenga, hakumtaka, alikuwa amemwonya, na alimuua.

Ilivyokwisha baada ya hapo ni haraka kusimulia. Bega la magharibi lilikuwa limebaki na majeruhi tu. Luteni aliona kwamba hakuna anayempiga kutoka upande ule, akatuma kikosi kidogo kupitia laga, wakainama, wakazunguka, wakalishika bega bila upinzani. Denge alipogeuka aliwaona askari wakiwa ubavuni na nyuma yake. Hakuwapoteza vijana wake kwa ajili ya fahari. Aliwatoa kwa upande wa mashariki, wachache wachache, yeye mwenyewe akiwa wa mwisho. Kufikia saa sita mchana mlima ulikuwa wa serikali. Barabara ikafunguliwa, na katika sehemu hizi wapiganaji hawakusimama tena uso kwa uso na jeshi. Yaliyowapata watu na mifugo yao baada ya hapo, katika miaka ile ya kuzuiliwa kambini, wazee wenu wanayajua, na nitawaachia wayasimulie wao.

Kwa hiyo aliyeshindwa vita vya Ela Dima alishindwa kwa sababu alikataa kuwatumia wanawake, na wenzake hawakumtii. Ndugu zangu, mtu huyo ndiye tuliyemwambia mjukuu wake kwamba babu yake alijificha nyuma ya migongo ya akina mama. Sote tulikuwa ukumbini. Hata tuliokaa kimya tulisema.

Sasa nirudi kisimani, kwa sababu nilimwacha mtu mle ndani.

Mama Habibo alikuwa chini. Alisikia sauti ya mwanamume ikiita kwa Kiborana, akasikia onyo la Gumato, akasikia mlio wa rashasha. Okole iliyojaa ilimwangukia begani, na alama yake anayo mpaka leo. Aliita, hakuna aliyemjibu. Alikaa kwenye maji mpaka alipoona kichwa kimechungulia mdomoni mwa kisima. Kilikuwa na kofia ya jeshi.

Mazungumzo yale nimeyasikia kutoka kwake, na miaka mingi baadaye nikayasikia kutoka kwa baba. Hayakutofautiana.

Mama Habibo aliuliza: "Wewe ndiye uliyesema walale?"

Baba akasema: "Ni mimi."

"Na bunduki?"

"Ni yangu."

Kisha Mama Habibo akauliza: "Yuko wapi aliyekuwa amesimama hapo uliposimama?"

Baba hakujibu. Mama Habibo alisikia kutojibu huko, akaelewa. Alikuwa ndani ya shimo, mikononi mwa mtu mwenye bunduki, na mtoto wake alikuwa bomani. Angeweza kulia. Angeweza kumlaani. Alichukua okole iliyokuwa inaelea, akaijaza, akaiinua juu ya kichwa chake.

"Pokea," alimwambia. "Ng'ombe hawajamaliza."

Baba akaiweka silaha yake chini, akapokea. Wanawake wengine wakainuka kutoka mavumbini, wakamkuta askari akimwaga maji kwenye hori. Askari wenzake wakaja, midomo imepasuka, wakapanga mstari nyuma ya ng'ombe. Luteni alifika akaona, akawaacha. Waliwanywesha ng'ombe, wakawanywesha majeruhi wa serikali, wakawabeba majeruhi wa msituni, pamoja na Waqo na yule mdogo wake Abdinur, wakawanywesha pia. Mama Habibo hakupanda mpaka mnyama wa mwisho alipotosheka. Alipopanda, alikuta baba amemfunika Gumato kwa koti lake la jeshi. Alilitoa lile koti, akalikunja, akamrudishia. Akamfunika wifi yake kwa shuka yake mwenyewe.

Tulipokuwa watoto, baba yangu hakuwahi kutusimulia habari hizi nyumbani. Tulijua tu kwamba hapendi kusikia ng'ombe wakilia kwa kiu. Alikuwa anaamka na kutoka nje. Mimi nilizipata hapa. Nilipohamishiwa kufundisha Garbatulla, niliwaleta wanafunzi wangu kuona visima, na nikaelekezwa kwa Mama Habibo kwamba ndiye anayejua. Aliniuliza jina. Nikamwambia Regina. Akasema hilo ni la kanisa, anataka la baba. Nikamwambia Apua. Akaniuliza kama huyo Apua anakijua Kiborana. Niliposema ndiyo, aliingia ndani akaniletea maziwa. Nilikunywa huku ananitazama. Kisha akanisimulia yote, wanafunzi wangu wakiwa wamekaa chini wakisikiliza.

Nilimpelekea baba habari hiyo. Aliniuliza jambo moja tu, kama yule mama aliyekuwa kisimani alipata watoto wengine. Nikamwambia alipata. Likizo iliyofuata aliniomba nimlete.

Denge alikuwa bado hai, ameshazeeka, macho yamefifia. Aliporudi kwa msamaha wa serikali alirejea kwenye ng'ombe wake na hakutaka tena siasa. Waliketi wawili hawa kivulini mwa nyumba, na Mama Habibo akaniambia tusiwakaribie sana. Lakini mwalimu wa historia hana adabu ya kutosha. Nilisikia.

Denge alimuuliza: "Ungejua kwamba yule ni dada yangu, ungepiga?"

Baba akasema: "Ningepiga. Wangenifikia, na nyuma yangu kulikuwa na watu wamelala."

Denge akaitikia kwa kichwa taratibu. "Na mimi ningepiga," alisema.

Hawakukumbatiana, wasichana wangu. Ningependa kuwaambia walikumbatiana. Walikunywa chai, wakazungumza kuhusu ng'ombe, jinsi aina fulani ya zamani imepotea na jinsi hizi za leo hazivumilii. Tulipokuwa tunaondoka Denge alimshika baba mkono, akamwomba, kama mimi nitakuja kusimulia jambo hili mahali popote, niseme kwamba yeye alimkataza Abdinur. Alisema amechoka kuwaambia jambo hilo watu ambao hawamsikilizi. Baba akamuahidi kwa niaba yangu. Denge alifariki kabla ya mvua zilizofuata.

Baba alipofariki, miaka kadhaa iliyopita, tulimzika Isiolo kwa ibada ya kanisa. Gari la kutoka Garbatulla lilifika tukiwa makaburini. Mama Habibo alishuka na wanawe, wakasimama na sisi mpaka mwisho, na zamu ya kutia udongo ilipofika alitia, akasugua mikono, akarudi garini.

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, muda mfupi ujao utafunua jiwe la ukumbusho lililo mlangoni mwa shule. Kuna mambo yaliyobishaniwa sana kuhusu jiwe hilo. Wengine walitaka waandikwe mashujaa wa serikali peke yao, wengine walitaka wapigania haki peke yao, na tulikaribia kuliacha tupu. Mwishowe yameandikwa majina ya waliokufa hapa, wote tuliowapata, wamechanganywa kwa alfabeti, bila kutaja upande. Utamkuta askari wa bara kando ya Abdinur. Na bwana aliyesema yale maneno ukumbini, ambaye sitamtaja kwa sababu ameshanitazama vya kutosha, ndiye aliyejitolea kulichukua jiwe kutoka mjini kwa gari lake. Nilipomsimulia haya niliyowasimulia, aliniuliza kwa nini hakuna aliyewahi kumwambia. Jana alikwenda kwa Mama Habibo. Walichozungumza ni chao.

Bado kulikuwa na Gumato. Kamati ilipendekeza mbele ya jina lake tuandike "shahidi", au "mhanga", au "shujaa". Tulimpelekea Mama Habibo maneno yote matatu achague. Aliyasikiliza, akayakataa yote.

"Andikeni alichokuwa akifanya," alisema.

Kwa hiyo mtakapofika mlangoni, ninyi wasichana mtakaopita pale kila asubuhi kwa miaka minne, mtakuta jina moja limeandikiwa maneno zaidi ya mengine. Linasema: Gumato Ado, alikuwa akiteka maji.

Nawashukuru kwa subira yenu katika jua hili, na kwa kunikubalia nimalize. Mama Habibo, kwako zaidi ya wote, ahsante.